Ncha ya Almasi

Saa kumi jioni, na Tartu imeshameza jua lake.
Maarika Kõiv hawashi taa.
Mwanga wa kompyuta unamtosha:
tafiti kumi na moja za magoti yanayouma,
watu elfu moja mia nne na sita
waliofanya mazoezi, au hawakufanya,
kisha wakaulizwa: je, sasa?

Taabu ni hiyo "je, sasa".
Busan waliuliza kwa namba, sifuri hadi kumi.
Lima walichora nyuso, ya kwanza ikicheka,
ya mwisho ikibubujika machozi.
Winnipeg walishika saa, wakahesabu ngazi.
Huyu kapima kwa pishi, yule kwa shubiri,
na yeye ndiye anayedaiwa jumla.

Basi anagawa. Tofauti ya makundi mawili,
chini yake mtawanyiko,
yaani jinsi watu walivyokataa kufanana.
Kinachobaki hakina dakika wala uso:
namba tupu, iliyovua viatu mlangoni.

Kila utafiti ni mraba.
Wenye watu wengi, mraba mnene;
wenye wachache, kidoa chenye mikono mirefu
kama mtu apapasaye ukuta gizani.
Mstari wa sifuri umesimama wima.
Chini kabisa, almasi:
sifuri nukta tatu moja.
Si nyingi. Lakini haigusi mstari.

Ndipo inaingia barua kutoka Daugavpils.
Daktari Zeltīte, mstaafu, anaomba radhi:
utafiti wa kumi na mbili umelala drooni miaka tisa.
"Haukuonyesha kitu. Nani angeuchapisha?"
Watu mia tatu na arobaini.
Mraba mkubwa kuliko yote,
umeketi juu ya sifuri kama jiwe la kusagia.

Angeweza kuifunga barua.
Ripoti inatakiwa Ijumaa; na mama yake,
ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti,
kila asubuhi hushika ukingo wa sinki na kuchuchumaa
kwa sababu Maarika alimwambia.

Anaziingiza.
Almasi inasogea, inatanuka,
ncha yake moja inagusa mstari
kama kidole kinachojaribu maji ya moto.
Sifuri nukta mbili mbili.

Simu inalia. "Namba zako zinasemaje leo?"
"Zinasema huenda, Mama."
"Huenda," mama anarudia, kama anaonja chumvi.
"Mimi niliolewa kwa chini ya hapo."

Anaiweka simu kando ya bomba, bila kuikata,
na Maarika anasikia goti likialika,
kisha la pili.