Sekunde Kumi na Moja

Kabla ya kurekodi tunalizima jokofu.
Linanguruma kwenye kinasa sauti
kama mtu anayesafisha koo na asiseme.
Maziwa tunayatoa roshani; hayaharibiki,
Tampere mwezi wa pili ni jokofu tosha.

Mezani tumetandika taulo la sauna.
Kipindi cha kwanza hatukujua:
kila dadu ilianguka kama gunia la misumari,
na wasikilizaji wetu tisa, wanne kati yao mama zetu,
wakauliza nani anatupa vijiko.

Aino-Maija, miaka thelathini na minane posta,
hakuwahi kufungua barua isiyo yake.
Sasa ni mwizi. Hakuna kufuli lisilomwasha vidole.
Oskari ni mganga; dawa zake huua.
Sulo, fundi wa lifti, ndiye Darvo mhunzi,
mwenye nyundo, madeni, na mzaha kwa kila swali.
Na Venla, mchana anasafisha meno ya watoto,
usiku ana ufalme wenye mito mitatu:
ndiye mvua, ndiye mbwa mwitu,
ndiye kila mlinzi wa kila lango.

Mimi ni mkasi.
Jumapili usiku nawasha kompyuta,
nawatazama rafiki zangu wakiwa mistari:
Oskari milima, Aino-Maija majani mafupi.
Nakata kikohozi. Nakata pua ya Oskari inayopiga filimbi.
Nakata dakika arobaini za ubishi
kama moto wa kichawi huwaka chini ya maji.
(Huwaka. Tulipiga kura.)

Kipindi cha thelathini na moja, Darvo kafika darajani.
Mlinzi, yaani Venla kwa sauti ya changarawe,
akauliza swali la kupamba mandhari tu:
"Nani anakungoja nyumbani?"

Tulisubiri mzaha.
Haukuja.
Theluji iliteleza juu ya paa la jirani, ikaanguka.
Kisha Sulo akasema, "Hakuna,"
na haikuwa sauti ya Darvo.
Akarusha dadu ambayo hakuna aliyemwomba.
Kumi na saba.
"Pita," akasema Venla, polepole.

Tulikula mikate ya mdalasini. Tukasema habari za barafu.
Sulo akavaa buti zake, akashuka kwa ngazi,
yeye, fundi wa lifti.

Sasa ni Jumapili, na kompyuta imekizungushia duara:
*Kimya kirefu kimepatikana. Kifutwe?*
Waliosema kimya kingi kina mshindo
hawakukiona hivi, uzi mnyoofu wa kijani,
sekunde kumi na moja,
na kwenye ya nane, nikiongeza sauti hadi mwisho,
pumzi moja inayoanza neno, ikaghairi.

Nikampigia. Alikuwa kazini, ndani ya shimo la lifti,
mwangwi ukimrudia kila silabi.
"Aliyenyamaza ni Darvo," akasema. "Muulize yeye."
Halafu: "Acha."
Akakata.

Acha. Neno lenye milango miwili.
Acha, usikiguse, kibaki.
Acha, usithubutu.
Nilikaa nalo mpaka saa saba za usiku,
kidole juu ya kitufe,
chai imeganda utando.

Nilikiacha.

Dereva wa gari la kusukuma theluji, huko Kemi,
alituandikia kwamba alidhani redio imekufa,
akaegesha pembeni, akazima injini
ili asikie vizuri kwamba hakuna kitu.
Hakusema zaidi. Aliweka jina lake: Urho.
Nilimsomea Sulo ujumbe ule. Akakuna kidevu.

Alhamisi alifika wa kwanza, kabla taulo halijatandikwa.
Akalizima jokofu mwenyewe.
"Darvo," akamwuliza Venla, "anaweza kupata mbwa?"
"Tupa dadu."
Tatu.
"Mbwa anakutazama," akasema Venla,
"anaunusa mkono wako, anaondoka zake."

Sulo akacheka mpaka mistari yote ikapasuka,
vilima vyekundu, sauti imeharibika kabisa,
haifai, fundi yeyote angeikata.
Na wiki ijayo, akasema, atajaribu tena kwa kipande cha nyama.