Mkeka wa Mtu Mmoja

Nimekuja Kipungani na daftari la kurasa mia
na sauti ya Mwalimu Higa ndani ya simu,
asemaye polepole, kama mtu anayehesabu mayai.
Mtihani ni Desemba. Malindi nyumba imejaa watoto wa kaka zangu;
hapa yupo shangazi tu, na punda wa jirani
anayelia saa nane usiku kama mlango uliokosa mafuta.

"Umi", bahari. "Shima", kisiwa.
Narudia nikichambua ukindu uwani.
Shangazi Mwanashee, shazia mdomoni, ananiuliza:
Sima? Kwani hukushiba?

Lugha hii imeniibia maneno
ikayavisha nguo za kwao.
"Kuni" ni nchi. Leo alfajiri nimeibeba nchi hadi jikoni,
mafungu mawili ya mkoko,
nikaipuliza mpaka machozi yakanitoka.
"Kasa" ni mwavuli. Basi nikiona mburuzo wa kasa mchangani
nawaza mtu aliyetoka majini na mwavuli wake mgongoni,
akataga, akarudi zake, mvua isimpate.
"Tako" ni pweza. Hilo sikumwambia shangazi.

Nilimwambia. Alicheka hadi ukili ukamponyoka,
na siku mbili hakuweza kumla pweza kwa adabu.

Alasiri huja wanawake kushona mikeka.
Hunitazama kama kitambaa kisichoandikwa bei.
Miaka thelathini na minne, wanasema, na hana.
Hana mume. Hana mwana.
Wanasema taratibu, wakidhani waya zimeniziba masikio,
na kweli zimeniziba,
ila Mwalimu Higa amefika somo la tisa:
"Hana", anasema. "Hana."
Ua. Rudia baada yangu.

Narudia, kwa sauti.
Bi Khuleita anashtuka: Kumbe wasikia?
Nasikia. Kwao "mimi" ni sikio.
Neno hilo sikuhitaji kulikariri.

Usiku taa ya sola inafifia.
Ndoo, shangazi ananiita, niandikia ile ya kuni.
Namchorea: sanduku, na johari ndani yake.
Analigeuza daftari huku na huku.
Hiki ni chumba, asema, na mtu kafungiwa.
Kisha analisogeza mwangani, anafuata wino kwa kidole,
anahesabu mistari kama ahesabuvyo ukili,
anakosea, anaanza tena.
Minane, asema.
Huu ni mkeka wa mtu mmoja.