Visu Viwili vya Onorina

Tarcisio alimwachia mkewe kisu cheusi,
chuma na kaboni, basi.
Onorina akikata limau asikipanguse,
kabla kahawa haijachemka
kutu imeshapiga hodi.

Ilde, bintiye, kaleta kipya
toka kiwandani kwao, Maniago.
Ndani mna kromiamu; nayo, ikionja hewa,
hujifuma ngozi nyembamba, jicho lisiione.
Ukiikwaruza, yajiziba.
Wiki nzima kimelala kwenye sinki
kinang'aa kama mtu asiyedaiwa.

Lakini mvua ikishuka milimani jioni,
Onorina huchukua kile cheusi,
akakipaka mafuta kwa kidole,
mbele, nyuma,
polepole zaidi penye mpini
ulioliwa na kiganja cha marehemu.

Kile kingine
hakijamwita hata siku moja.