Tisini na Nne

Siku nne nimewafuata kwa redio ya betri mbili,
moja ndani, moja juani ikingoja kupata nguvu.
Daftari la hesabu la mtoto, kurasa za nyuma,
nimechora mistari: namba, jina, saa, dakika.
Kakule ananitazama kutoka mlangoni,
vumbi la makaa bado shingoni.
"Hizo kinga hazina mzigo?"
Hazina.
"Na njia ni lami tupu?"
Lami tupu.
"Basi wanachokaje?"

Hatua ya tano iliishia ng'ambo, Gisenyi.
Nilipanga foleni Petite Barrière kabla ya jogoo,
nyuma ya mama wa nyanya na vijana wa mayai,
jetoni mkononi, daftari ndani ya kitenge.
Mpaka hufungwa saa tisa. Hilo nalo niliandika.

Kwanza pikipiki. Kisha kimya,
hata wa kukohoa akajizuia.
Kisha wao:
minyororo ikilia kama mvua
inayopita juu ya mabati ya jirani
bila kugusa yako.
Sekunde kumi na moja.
Nyuso sikuziona. Niliona miguu iliyonyolewa,
nikanusa dawa ya kuchulia misuli,
wakawa wamekwenda.

Watu wakabeba viti vyao. Polisi wakakunja kamba.
Saa nane na dakika thelathini na tisa,
nami nina mtu mmoja ambaye hajapita:
tisini na nne, yule mtangazaji humtaja mwisho
kama mtu anayefunga dirisha.
Kazi yake ni kuchota maji kwenye gari la timu,
chupa zikimjaa mgongoni, awagawie wenzake;
kilima kikianza, yeye ameshamaliza nguvu.
Mbeba mzigo. Kakule, wako huyu hapa.

Akaja peke yake kati ya magari na mbuzi mmoja,
chumvi nyeupe mashavuni.
Akaninyoshea mkono, vidole vikiuliza:
zimebaki ngapi?
Zilikuwa tatu. Nikamwonyesha kidole kimoja.
Mungu anisamehe,
akasimama juu ya pedali.

Nilikimbia hadi mpakani, viatu mkononi.
Askari alikuwa ameshika kufuli.

Usiku nilimsimulia Kakule. Alikuwa chini,
akipaka mafuta gurudumu la chukudu.
Hakucheka.
"Ukinidanganya hivyo nikipanda Kibumba,
nitakushukuru mpaka kwenye kona.
Baada ya kona nitakutukana."

Hatua ya sita: wa mwisho, dakika ishirini na sita nyuma.
Hatua ya saba redio ikasema hakuanza.
Haikusema kwa nini. Likafuata tangazo la sabuni.

Mshindi nimemwandika kwa kalamu ya bluu,
jina lake limeshaanza kunitoka.
Mstari wa tisini na nne nimeuacha wazi.
Mtoto ameuliza kama anaweza kujumlishia hapo.
Nimemwambia afungue ukurasa mwingine.