Maelezo ya Picha

Magazeti ya zamani tunayanunua kwa kilo,
hapa Kibuye, ya kufungia omena.
Leo, ukurasa wa tatu, Odero mdogo wangu:
kabeba mlango begani pale Kondele,
moshi nyuma yake.
Chini wameandika: *Mporaji akitoroka.*

Mlango ule aliuranda mwenyewe,
mvule, siku nne,
wa Mama Pilista wa Manyatta
aliyekuwa amelipa nusu.
Nusu ya pili hajaitoa.
Naye husoma magazeti.

Jina hawakumuuliza.
Lingeanza na O tu,
basi, ushahidi umetosha.

“Ongeza kidogo,” asema mteja.
Naongeza,
nafungia ukurasa wa michezo.

Wa Odero nauweka kando, usipate shombo.
Wino wake umeniganda kidoleni
kama ule wa Agosti,
tulipopanga foleni tangu alfajiri.