Bado Mbili

Daftari la Onerva lina doa la maziwa
ukurasa wa tatu; baada ya hapo, peupe.
Saba jumlisha tano: kachora paka.
Kumi toa sita: kachora mkia wa paka.
Mwalimu wake wa chekechea aliniandikia, kwa upole,
kwamba hakuna haraka.
Nami niliyeikimbia hesabu tangu darasa la nne
nikaikunja ile barua, nikaikunja tena,
mpaka ikakataa kukunjika.

Dada yangu Kerttu, mpasua mbao kiwandani,
ndiye aliyekuja mwezi wa Juni na gunia.
Akamwaga nyasini, kando ya ziwa letu la Kaskazini,
vigogo kumi na viwili vya mti wa betula,
vichwa vimekatwa mshazari,
kila kimoja na namba yake ya kuchomwa kwa chuma.
"Ukiangusha kimoja, unachukua namba yake.
Ukiangusha vingi, unahesabu vilivyolala.
Mshindi ni wa kwanza kufika hamsini kamili.
Ukipitiliza, unarudi ishirini na tano."
Neno hesabu halikumtoka.
Alimpa mtoto gongo, akasema: "Tupa."

Saa tatu usiku, jua bado limekaa
juu ya paa la banda la jirani,
na mbu wanakula kwa zamu.
Jalo ana arobaini na saba, na maringo yake.
Akatupa. Kikalala cha nane, peke yake.
"Ishirini na tano? Nani kaamua ishirini na tano?"
Onerva, akijikuna goti:
"Ni hamsini iliyokatwa katikati.
Kama mkate wa jana. Wewe ulikula huu, mimi huu."

Hakuna aliyemfundisha nusu.
Aliila.

Karani ni mimi, penseli nyuma ya sikio.
"Onerva, thelathini na saba na nne… arobaini."
Hata hakugeuka.
"Na moja, Mama. Umeiacha moja nje."
Nikaiingiza ndani ile moja.
Nikaona haya, kisha haya yenyewe ikanichekesha.

Sasa anataka tisa,
na cha tisa kimeviringika mbali, nyuma ya kisiki.
Akasimama. Vidole vikafunguka, vikafumba,
midomo ikitembea bila sauti.
Nilitaka kumsaidia; Kerttu akanikanyaga mguu.
Gongo likaruka chini chini,
likakibusu cha saba, kikalala.
Arobaini na nane.

Ndipo mvua ikaja, ile ya ghafla,
ikatufukuza sote hadi barazani,
na mchezo ukabaki nje, umelowa, haujaisha.

Kitandani hakulala.
"Mama, bado mbili.
Lakini mbili ina milango miwili.
Naweza kuangusha cha mbili.
Au naweza kuangusha vyovyote viwili pamoja,
hata cha kumi na cha kumi na mbili,
hata vile vikubwa vinavyojiona."
Akageukia ukutani, ametosheka,
kama mtu aliyeficha ufunguo mahali pazuri.

Usiku wa manane, usiokuwa giza,
nilitoka na koti juu ya nguo ya kulalia.
Nyasi zilinilowesha miguu.
Vigogo vilisimama pale pale tulipoviacha,
isipokuwa cha saba.
Nikaliokota gongo. Nikatazama huku na huku.
Sikuwa na pointi hata moja.
Nikatupa.
Vikalala vitatu,
nami nikavihesabu kwa sauti.