Chumba Juu ya Duka la Pembejeo

Mwezi wangu wa kwanza, Kiusa, Moshi,
waligonga watatu:
wa kwanza alitaka mkopo,
wa pili, nimkanye mumewe kwa simu,
wa tatu alisoma "nasaha" akaona "nakshi",
akaniletea shuka.

Kibao kilisema: Kwa Matatizo Yote.
Cha wote ni cha nani?
Nikakifuta, nikaandika kwa rangi iliyobaki:
Kwa Waliofiwa Wasiolia.

Siku kumi na sita, harufu ya mbolea tu.

Kisha akapanda Elinami, mwonja kahawa,
kofia mkononi.
"Tangu tumzike Aikande
kila kikombe ni maji."

Sikumwambia nadaiwa kodi ya miezi miwili.
Nilimsogezea kiti.
Chini, mtu alikuwa akipima mbegu za maharage.